Gari kuukuu: Fedha huliwa na kubahatisha, si uzee

MFANYABIASHARA mdogo anayenunua pikapu au basi dogo lililokwisha kutumika miaka mingi hununua vitu viwili kwa wakati mmoja: chombo cha kazi, na orodha ya ubovu ambao haujui. Bei ya chombo huijua siku ya kwanza. Bei ya ubovu huijia gereji, kidogo kidogo, na mara nyingi ndiyo inayoamua kama biashara itasimama au itakufa.

Magari ya namna hiyo yataendelea kuwa sehemu kubwa ya soko la Afrika Mashariki. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini kwa magari yaliyozidi umri wa miaka minane. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia yale yaliyofikisha miaka 15. Tanzania haikuyafungia mlango magari ya umri mkubwa, bali huyatoza ushuru wa ziada. Kwa mwenye mtaji mdogo, matokeo yake ni kwamba gari ambalo tayari liko nchini, lenye kadi na namba, huwa ndilo linalofikika.

Hata hivyo, uzoefu wa gereji nyingi unaonyesha kuwa uzee wa gari peke yake si hasara. Hasara huanza pale fundi anapobadilisha kifaa kabla ya kupima, naye mwenye gari akalipa bila kuuliza.

HESABU YA KUBAHATISHA

Ichukuliwe mfano wa pikapu inayobeba bidhaa kutoka sokoni. Kwa siku huingiza Sh. 60,000. Mafuta na posho ya dereva ni Sh. 35,000. Mwenye gari hubakiwa na Sh. 25,000.

Asubuhi moja injini inazunguka kivivu na kugoma kuwaka. Fundi wa kwanza anasema betri imekufa. Inanunuliwa mpya kwa Sh. 180,000. Baada ya siku mbili hali ni ile ile. Fundi wa pili anasema alteneta haichaji. Inanunuliwa iliyotumika kwa Sh. 150,000. Bado. Fundi wa tatu anapima na kukuta waya wa athi, ule unaounganisha injini na bodi, umeliwa na kutu. Anaubadilisha kwa Sh. 10,000 na gari linawaka.

Jumla iliyotoka mfukoni ni Sh. 340,000. Kama gari lilisimama siku tano, mapato yaliyokosekana ni Sh. 125,000. Hasara yote inafikia Sh. 465,000, yaani kazi ya siku zipatazo 19. Betri mpya imebaki kwenye gari, ni kweli, lakini ile ya zamani nayo ilikuwa nzima. Laiti kipimo kingetangulia, ubovu ule ungeondoka kwa gharama ya waya na ujira wa fundi, na gari lingerudi barabarani siku hiyo hiyo.

Kutokana na mfano huo hupatikana kanuni ambayo kila mwenye gari anaweza kuisimamia hata kama hajawahi kushika spana: kwanza kuuliza, pili kutazama, tatu kupima, na mwisho kabisa kununua spea.

Maswali ya kumuuliza dereva ni machache. Ubovu ulianza lini? Hutokea injini ikiwa ya baridi au ya moto? Huja wakati wote au hutoweka na kurudi? Kuna kitu kilichotengenezwa muda mfupi kabla yake? Swali la mwisho ndilo linalosahauliwa, ilhali matatizo mengi huanza siku moja au mbili baada ya gari kutoka gereji, kwa sababu waya uliachwa bila kukazwa au mpira wa hewa haukurudishwa mahali pake.

UMEME: MITA NDOGO HUOKOA FEDHA NYINGI

Mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei ndogo, ni kifaa ambacho mwenye magari mawili au matatu anashauriwa kuwa nacho. Vipimo vinne vinatosha kumaliza ubishi mwingi.

Cha kwanza ni cha betri iliyopumzika saa kadhaa. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kiasi cha 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu, na ikiwa chini ya 12 imekwisha. Betri iliyokwisha si lazima iwe mbovu; ichajiwe kwanza, kisha ipimwe tena.

Cha pili ni wakati wa kupiga stata. Volti zitashuka, na hilo ni jambo la kawaida. Zikishuka chini ya 9.6 au hivi ilhali betri ilikuwa imejaa, betri imechoka au stata inavuta umeme kupita kiasi.

Cha tatu ni injini ikiwa inaunguruma. Mita inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, hakuna chaji. Hapo mkanda wa alteneta ukaguliwe kabla ya alteneta yenyewe, kisha waya zake, kisha kaboni zilizomo ndani, ambazo huisha kwa matumizi na bei yake ni ndogo ukilinganisha na alteneta nzima. Ikizidi 15, kidhibiti chaji kimekufa. Maji ya betri yatachemka na balbu zitaungua moja baada ya nyingine.

Cha nne ndicho kingemwokoa mwenye pikapu wa mfano ule. Ncha moja ya mita huwekwa kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, kisha stata inapigwa. Mita isome karibu na sifuri, isizidi 0.2 au 0.3. Ikisoma volti nzima au zaidi, umeme unapotelea kwenye athi. Dawa yake ni kusugua kutu, kukaza boliti, au kubadilisha waya.

Kuna pia betri inayolala ikiwa imejaa na kuamka tupu. Huo ni uvujaji, nao hupimwa kwa ampia: vifaa vyote vimezimwa, milango imefungwa, mita imeunganishwa kati ya kichwa hasi cha betri na waya wake. Stata isipigwe mita ikiwa hapo, maana fyuzi ya mita itaungua. Uvujaji wa kawaida hauzidi ampia 0.05. Ukifikia nusu ampia, betri ya saa-ampia 60 itakauka kabisa kwa saa 120, yaani siku tano, na itashindwa kuwasha gari siku kadhaa kabla ya hapo. Fyuzi hutolewa moja moja huku mita ikitazamwa. Ile ambayo ikitolewa kipimo kinaanguka, ndiyo njia yenye mwizi. Mara nyingi ni redio, kengele ya wizi iliyofungwa mtaani, au taa ya ndani isiyozima.

Onyo moja halina mjadala. Fyuzi inayokatika kila mara isibadilishwe kwa kubwa zaidi, wala kwa kipande cha waya. Fyuzi hukatika ili waya usiungue. Anayeifunga kwa waya amebadilisha ubovu wa mia chache kwa hatari ya kuteketeza gari pamoja na mzigo.

INJINI INAZUNGUKA LAKINI HAIWAKI

Injini ya petroli huhitaji mafuta, hewa, cheche na mgandamizo, vyote kwa wakati wake. Fundi makini huuliza ni kipi kimekosekana, naye hawezi kutoa vyote vinne kwa pamoja na kutumaini.

Kwenye magari ya zamani yenye kabureta na distribyuta, chanzo mara nyingi ni pointi zilizoungua, kondensa iliyokufa, au kifuniko cha distribyuta chenye unyevu. Vifaa hivi ni vya bei ndogo. Kwenye magari yaliyofuata, yenye mafuta yanayodhibitiwa kwa kompyuta, wengi hudhani kuwa bila mashine ya kisasa hakuna linalojulikana. Si hivyo. Magari mengi ya Toyota ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yana kisanduku kidogo chini ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa TE1 na E1. Yakiunganishwa kwa kipande cha waya na swichi ikafunguliwa bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kukonyeza. Mikonyezo ya mfululizo usiobadilika maana yake kompyuta haijaona kosa. Mikonyezo iliyogawanyika hutoa namba ya tarakimu mbili, na kila namba hutaja eneo la kuanzia kupima. Inataja eneo tu. Haisemi kuwa kifaa cha hapo kinunuliwe.

JOTO: HAPA NDIPO MTAJI HUUNGULIA

Katika ubovu wote, kuchemsha ndiko kunakogeuza tatizo dogo kuwa la kuteremsha injini. Dereva anayeona mshale wa joto umepanda na kuendelea "hadi kituo kinachofuata" anaweza kupinda silinda hedi na kuunguza gasketi yake.

Ukaguzi huanzia kwenye vitu vya bei ya chini. Kifuniko cha rejeta, ambacho wengi hukiona kama kizibo tu, hushikilia msukumo unaoyazuia maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Mpira wake ukichoka, maji huchemka mapema. Hufuata mkanda wa feni, mabomba ya mpira, nafasi za rejeta zilizozibwa na tope na wadudu, na wota pampu inayovuja. Kifuniko hicho kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto.

Thamostati inastahili kutajwa peke yake. Mafundi wengi wa nchi za joto huiondoa wakiamini kuwa inazuia maji. Bila hiyo injini huchelewa kupata joto lake la kazi, ikala mafuta zaidi na kulika haraka. Aidha, kwenye injini nyingi thamostati ikifunguka huifunga njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari likachemsha katika mlima uleule lilioondolewa thamostati ili liupande.

Maji matupu ya bomba nayo huleta kutu ndani ya injini. Maji ya rejeta yenye dawa yana gharama, lakini rejeta mpya ina gharama kubwa zaidi.

Dalili za gasketi iliyoungua ni kupungua kwa maji bila kuonekana yanakovujia, mapovu kwenye rejeta injini ikiwa inaunguruma, na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Mnunuzi akiziona hizi kwa gari analotaka kununua, bei ya mazungumzo ianzie chini sana, au mazungumzo yaishe.

MOSHI NA NGUVU

Moshi ni taarifa ya bure. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: chujio la hewa lililoziba, nozeli mbovu, au kabureta isiyorekebishwa. Mweupe usiokwisha baada ya injini kupata moto, kwa gari la petroli, ni maji yanayoingia kwenye silinda. Kwa dizeli unaweza pia kuwa mafuta yasiyoungua.

Gari lililopoteza nguvu lipimwe mgandamizo wa kila silinda kabla ya mtu kutamka neno "ovahoo". Kinachotazamwa ni namba yenyewe na tofauti kati ya silinda moja na nyingine. Tofauti ikizidi asilimia 15 hivi kuna ubovu. Kwa injini ya petroli, kijiko cha oili humiminwa kwenye silinda dhaifu na kipimo kurudiwa. Namba ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, tatizo ni vali au gasketi. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mwenye gari: kazi ya vali hufanyika kwa kufungua silinda hedi tu, wakati ringi huhitaji injini ifunguliwe yote.

MFANO WA HIACE

Toyota Hiace za muundo ulioanza mwaka 1989, zilizofanya kazi miaka mingi kama daladala na matatu, zinafaa kutazamwa kwa sababu zimepitia mikono mingi. Nyingi zina injini za dizeli za 2L yenye ujazo wa sentimeta 2,446, 3L yenye 2,779, au 5L yenye 2,986. Ni injini zinazojulikana na mafundi na spea zake zinapatikana. Lakini zina mambo yanayomhusu mwekezaji.

La kwanza ni mkanda wa taimingi. Hubadilishwa kila kilometa 100,000, na magari mengi kati ya haya yana taa iliyoandikwa T-BELT inayowaka kukumbusha. Mkanda ukikatika injini ikizunguka, vali hugongana na pistoni. Kwa kuwa kilometa za dashibodi huweza kurudishwa nyuma, na taa huweza kuzimwa bila kazi kufanyika, mnunuzi asiyeonyeshwa risiti ahesabu kwamba mkanda haujabadilishwa, na aiweke gharama hiyo kwenye bei ya ununuzi. Pedali zilizolika na usukani uliong'aa husema ukweli kuliko dashibodi.

La pili ni joto. Silinda hedi za injini hizi, hasa 2L zilizofungwa turbo, zina sifa ya kupasuka zikichemshwa. Yote yaliyoelezwa kuhusu rejeta yana uzito zaidi hapa.

La tatu ni hewa kwenye njia ya mafuta. Dizeli inayozimika njiani au inayogoma asubuhi baada ya kulala mara nyingi imevuta hewa kupitia mpira uliopasuka au chujio lililofungwa vibaya. Pampu ya mkono iliyo juu ya chujio ikipigwa na gari likawaka, kisha kesho yake likagoma tena, hewa inaingia mahali. Kupeleka pampu ya dizeli kupimwa kabla ya kukagua mipira hiyo ni kuanzia mwisho. Ikigoma nyakati za baridi tu, plagi za kupasha moto zipimwe moja moja.

BREKI HAZISUBIRI MAPATO

Ubovu mwingi unaweza kupangiwa wiki ijayo. Wa breki hauwezi. Pedali inayozama taratibu mguu ukiwa juu yake ni dalili ya mafuta kuvuja au silinda kuu kuchoka. Pedali laini kama sifongo ni hewa ndani ya mabomba. Gari linalovuta upande mmoja lina breki iliyoshika au isiyoshika upande fulani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi hata kama hayajapungua. Mwenye gari anayempeleka dereva barabarani na abiria 15 huku akijua breki zina kasoro hafanyi tena hesabu ya biashara. Anacheza na maisha ya watu, na sheria itamhesabu hivyo.

SOKO LA SPEA

Mnunuzi wa spea, awe Kariakoo au Nairobi, hukutana na makundi matatu: mpya za kiwanda kilichotengeneza gari, mpya za viwanda vingine, na zilizotumika, ambazo nyingi hupitia Dubai na Sharjah. Kila kundi lina mahali pake. Alteneta, stata au giaboksi iliyotumika inaweza kuwa ununuzi mzuri endapo muuzaji atakubali ipimwe, na atatoa muda wa kuirudisha kwa maandishi. Vitu vinavyolika au kuchakaa kwa umri, yaani mikanda, gasketi, mipira ya breki, wota pampu na machujio, visinunuliwe vilivyotumika. Gharama ya kuvifunga mara mbili hula nafuu yote ya bei.

Mwenye gari anashauriwa kudai kifaa cha zamani kilichotolewa. Si kwa kumshuku fundi, bali kifaa hicho ndicho ushahidi wa kilichokuwa kimeharibika.

DAFTARI NA UAMUZI WA KUUZA

Gari la biashara lililo na daftari lake huuzwa kwa bei nzuri kuliko lisilo nalo. Humo huandikwa tarehe, kilometa, dalili, kipimo kilichochukuliwa, kifaa kilichowekwa, gharama, na siku ambazo gari lilisimama. Baada ya miezi sita mwenye gari ataona jambo ambalo kumbukumbu huficha: kama matengenezo ni ya kawaida, au ni ubovu mmoja unaolipiwa kwa majina tofauti.

Daftari hilo pia hujibu swali gumu kuliko yote: kuendelea au kuuza. Kosa la wengi ni kusema, "nimeshatumia milioni mbili, siwezi kuliacha." Fedha iliyokwisha kutumika hairudi kwa kuongezewa nyingine. Swali la haki ni hili: matengenezo yanayohitajika sasa, yakigawanywa kwa faida halisi ya siku, ni kazi ya siku ngapi, na gari litadumu siku hizo bila kusimama tena? Mwenye pikapu anayebakiwa na Sh. 25,000 kwa siku, akiambiwa ovahoo ni Sh. 2,500,000, anahitaji siku 100 za kazi ili arudi mwanzo. Kama bodi ni imara, giaboksi ni nzima na daftari linaonyesha injini pekee ndiyo tatizo, huo waweza kuwa uwekezaji. Kama bodi imeoza na breki nazo zinadai, ni heri auze kwa bei ya hali iliyopo, kwa uwazi, na kuokoa mtaji uliobaki.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye gari kuukuu la biashara, linaloongezwa hapo ni dogo: kabla ya kuziba, apime kwanza ufa uko wapi.